Duara Halina Mbele

Kiti alikibeba Kapitolina mwenyewe. Hilo ndilo lililokuja kumchoma baadaye kuliko maneno yote ya yule bwana wa wilayani. Kiti cha kumkalisha mama yake pembeni alikitoa jikoni kwao kwa mikono yake, akavuka nacho barabara, akakipandisha kwenye jukwaa la klabu na kukipangusa vumbi kwa ncha ya sweta.

"Pale, pale kwenye kona," alielekeza Vadim Arkadyevich, mwalimu wa ngoma aliyetumwa na idara ya utamaduni ya wilaya. "Bibi atakaa na sufu mkononi, kama vile anasokota. Asiimbe, spika itaimba. Yeye atabasamu tu. Watu wa mkoani wanampenda sana bibi anayetabasamu."

Kijiji kizima cha Shalgora hakuna aliyemwita mama yake Kapitolina, Stepanida Mitrofanovna, "bibi" isipokuwa mjukuu wake. Mwenyekiti wa kijiji alimtaja kwa jina lake na la baba yake. Muuza duka, asiyemheshimu hata mumewe, alimtaja hivyo hivyo. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila Siku ya Mtume Petro, mama huyo ndiye aliyeshika uongozi wa ngoma ya duara: yeye kutoka langoni wa kwanza, yeye kuanzisha wimbo, yeye kuamua nani ashikane mkono na nani. Sasa nyonga ilikuwa imemsaliti na alitembea kwa fimbo, lakini sauti yake bado ungeisikia ukiwa ng'ambo ya mto.

Mama alikitazama kiti, kisha akamtazama binti yake. Kapitolina alijifanya ameona kitu cha maana sana dirishani.

"Nakijua kiti hiki," mama alisema. "Kina mguu mmoja mfupi." Akakaa.

Vadim Arkadyevich akapiga makofi. Wasichana tisa wakajipanga, mjukuu Ustinya, binti wa Kapitolina, akiwa wa tatu, na muziki ukalia kwa nguvu na haraka kama wa sarakasi. Hawakufanya duara. Walifanya nusu ya duara iliyofunguka upande wa viti vya watazamaji, nyuso mbele, meno nje. Kisha, kwa kuwa ngazi ya jukwaa ilikuwa upande wa kushoto na wasichana walitakiwa kuingia wakikimbia, wakaanza kuzunguka kinyume cha jua.

Stepanida Mitrofanovna akasimama. Aliiweka sufu juu ya kiti, akaokota fimbo yake, akashuka ile ngazi kidato kimoja kimoja, huku wote wakimsubiri kwa sababu fimbo ilikuwa inagonga kuliko muziki. Mlango ulipofungwa Vadim Arkadyevich alitabasamu.

"Wazee," alisema. "Kapitolina, utazungumza naye, eh?"

"Nitazungumza naye," Kapitolina akajibu.

* * *

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wilaya ilikuwa inafunga klabu za vijijini. Mwaka ule sita zilikuwa zimekwisha kupigwa kufuli, na ya Shalgora ilikuwa ya saba kwenye orodha. Siku ya Petro wangekuja wajumbe watatu kutoka mkoani kutazama kikundi cha ngoma. Kikipendeza, klabu itabaki, na Kapitolina, aliyeisimamia kwa miaka ishirini na miwili, atabaki nayo. Kisipopendeza, basi. Na klabu ile si jukwaa tu. Ndiyo maktaba, ndiyo mahali pa kupigia kura, ndiyo chumba pekee chenye moto wakati wa baridi ambamo wasichana wangeweza kukaa bila kunywa pombe.

"Hata arobaini ya baba tuliifanyia mle," Kapitolina alimwambia mama yake jioni hiyo. Walikuwa mezani, mkate wa samaki katikati, na samovari, birika la chai, ikitokota. Nje jua lilikuwa bado limesimama juu ya mto, kama kawaida ya mwezi wa saba huko kaskazini. "Umesahau? Watu sitini. Ungewaweka wapi, kwenye zizi?"

"Sijasahau."

"Basi ungekaa tu kwenye hicho kiti! Dakika nne, mama. Dakika nne na nusu."

"Ningekaa. Nilikaa. Si uliniona nimekaa?" Mama alikata mkate. "Kukalishwa kama chungu cha maua nimevumilia. Yule kijana kuniita bibi nimevumilia, mama yake hakumfunza, atafunzwa na nani? Lakini kinyume cha jua, Kapa! Babu zetu walikimbilia huku kwenye baridi na mbu kwa sababu gani? Si waliambiwa walizunguke kanisa kinyume cha jua wakakataa? Wengine walichomwa moto wazima wazima. Leo nije nigeuke mimi, kisa ngazi iko kushoto?"

Ustinya alicheka hadi chai ikampalia. Bibi yake akampiga mgongoni, naye akaendelea kucheka.

"Huyo anacheka," mama alisema, "na ndiye aliyekuwa anazunguka."

"Nilifundishwa, bibi."

"Na nani?"

Msichana akamtazama mama yake. Kapitolina alihisi masikio yanamwaka. Wiki tatu nzima alikuwa amewafundisha wale wasichana yeye mwenyewe, kila Alhamisi na Jumamosi, kwa kufuata karatasi aliyotumiwa na Vadim Arkadyevich. Aliuona mshale kwenye karatasi. Alijua mshale unaelekea wapi. Mtoto wa Shalgora wa miaka mitano angejua. Akajiambia ni jukwaani tu, mbao si ardhi.

"Mama, usijifanye mtakatifu," alimtolea uvivu. "Wewe mwenyewe umelibadilisha hilo duara. Nani aliimba habari za trekta?"

"Tuliimba," mama akakubali bila aibu.

"Trekta gani?" Ustinya akauliza.

Mama akaweka kisu chini, akaimba kwa sauti ya kikohozi, akipiga meza:

*"Trekta kavuka ng'ambo ya mto,
mtaro wake kauchimba..."*

"Lo! Bibi!"

"Wimbo ni wa kozi, ila alikatazwa, mwanangu. Afisa wa wilaya alisema ndege wa kuwinda ni wa mabwanyenye. Tukatia trekta. Tulimwimbia beti zote arobaini, machozi yakamtoka kwa furaha. Alipopanda farasi wake akaenda, tukarudia zote kwa kozi." Akanywa chai. "Na kabla ya hapo bibi yangu alikuwa akinichapa kwa mshipi, eti tunakimbia. Zamani zake, alisema, duara lilitembea polepole hadi mtoto mgongoni analala. Na baada ya vita hakukuwa na wanaume, wasichana wakavaa kofia za kaka zao marehemu wakacheza zamu zao. Watu walisema ni mwiko. Leo nani anakumbuka kama zamani palikuwa na wanaume? Mimi sikatai kubadilika, Kapa. Wewe ndiye unafikiri nakataa."

"Sasa unakataa nini?"

"Mambo mawili. Unakwenda na jua. Na huachii mkono mpaka wimbo uishe. Hayo tu. Mengine yote chukueni, pakeni rangi, fanyeni mtakavyo."

"Na wao wanataka kuona nyuso! Duara likifungwa mbele inakuwa wapi?"

"Duara halina mbele," mama alisema, akamsogezea kipande cha mkate. "Kula, umekonda."

Kapitolina hakula. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na kila akibishana na mama yake alijikuta ana ishirini tena, amerudi kutoka chuo cha utamaduni na cheti chake, amesimama kwenye uwanda mbele ya kijiji kizima akiomba kuongoza. Mama alimtazama hatua tano tu. "Wewe unatembea kama unatafuta watazamaji," alimwambia, na watu wakacheka. Tangu siku ile hakuomba tena. Alijenga maisha yake ndani ya klabu, penye viti vya watazamaji.

* * *

Asubuhi ya pili nguo zilifika kwa boti. Magauni kumi na mawili ya buluu inayometameta, na mataji ya karatasi ngumu yenye lulu za plastiki. Kapitolina alizunguka nayo lango kwa lango.

Fekla, jirani wa mkabala, alilishika gauni lake kwa vidole viwili.

"Linanuka pazia la hospitali," alisema.

"Ni la bure, shangazi Fekla."

"Nimelitambua hilo." Alimrudishia. "Sanduku langu lina hariri ya mama wa bibi yangu. Ilifichwa chini ya sakafu mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya watoza kodi, mara ya pili sisemi kwa ajili ya nani. Siku ya Petro nitaivaa hiyo, nitasimama langoni saa nane kama miaka yote, nitamsubiri mama yako apite anichukue. Ninyi na jukwaa lenu fanyeni yenu."

"Mama hawezi kutembea hadi uwandani. Nyonga haimruhusu, unajua."

"Basi nitasimama langoni nisubiri asiyekuja. Nina kazi gani nyingine?"

Matryona alisema hivyo hivyo, ila kwa matusi. Mama Zosima hakufungua hata lango, alizungumza kupitia tundu. Kufika mchana Kapitolina alikuwa na magauni tisa ya wasichana na matatu yasiyo na mwenyewe. Dukani, muuza duka alimuuliza mbele ya foleni yote kama ni kweli Siku ya Petro mwaka huu itafanyika kwa kurudi nyuma kama gari bovu. Foleni ilicheka. Kapitolina alinunua chumvi ambayo hakuihitaji, akatoka.

Alimpigia simu Vadim Arkadyevich.

"Wazee hawataki," alisema.

"Ndiyo vizuri!" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuna. "Wasichana wanatosha, wanang'aa. Ila yule bibi wa kiti nimempenda. Mlete hata kwa kumbeba. Na Kapitolina, nisikilize: saa tisa kamili muwe jukwaani. Wajumbe wanaondoka na kivuko cha saa kumi. Wasipowaona saa tisa wataandika hakuna kikundi, na mimi sitaweza kukusaidia."

"Tutakuwepo," Kapitolina alisema. Alisema kwa dhati. Alikuwa amekata shauri: klabu kwanza, mama atakasirika mwezi mzima, kisha yatapita.

* * *

Siku ya Petro ikaamka na jua kali na mbu wengi. Jukwaa la mbao lilikuwa limejengwa ukingoni mwa uwanda, ngazi kushoto, spika mbili kila upande. Wajumbe walifika saa saba: mwenyekiti wao Nonna Eduardovna mwenye miwani mieusi, bwana mmoja mnene, na kijana wa kupiga picha. Vadim Arkadyevich akawapeleka shuleni kula. Kiti kilikuwa kwenye kona ya jukwaa, na sufu juu yake.

Saa nane Kapitolina alikuwa uwandani na koti lake la kazi na karatasi ya kutangazia. Wasichana walikuwa nyuma ya jukwaa wanapakana rangi mashavuni. Ndipo alipoona juu, mwanzoni mwa barabara, lango la kwao linafunguka.

Mama alitoka peke yake. Alikuwa amevaa hariri nyekundu iliyokolea, ile ya sandukuni mwake, na mishipi miwili, na shela iliyofungwa kwa mtindo wa wajane. Mkono mmoja fimbo. Alisimama akavuta pumzi, akaanzisha wimbo:

*"Kozi karuka ng'ambo ya mto,
unyoya wake kaudondosha..."*

Akaanza kutembea. Fekla akaupokea ubeti akiwa langoni kwake, akatoka, akamshika mkono. Lango la pili, Matryona. Lango la tatu, Mama Zosima na dada yake. Kila lango lilitoa mtu, na mstari ukarefuka ukiteremka barabarani, hariri za kila rangi, wanawake wa miaka sitini na sabini na themanini, na nyuma yao wachache wa rika la Kapitolina waliokuwa wamesema hawatakuja.

Hatua ya thelathini hivi nyonga ikakataa. Kapitolina aliliona hilo kwa mbali: bega la mama likashuka, fimbo ikateleza, na mama akabaki ameinama, ameshikwa na Fekla. Mstari ukasimama, wimbo ukasimama nao. Hakuna aliyemwachia mwenzake mkono. Walisimama tu barabarani, wazee watupu, kwenye jua, wakiwa hawana wa mbele.

Angeweza kuwaacha. Saa tisa haikuwa mbali. Angeweza kutuma mtu amsindikize mama nyumbani, na dakika nne na nusu zingepita zake. Kapitolina aliifikiria njia hiyo hadi mwisho, sitamsingizia. Kisha akaikunja karatasi ya kutangazia akaitia mfukoni, akapanda jukwaani, akaitupa sufu pembeni, na kukibeba kile kiti. Alishuka nacho hadi katikati ya uwanda, akakikandamiza kwenye nyasi hadi ule mguu mfupi ukakaa sawa. Akapanda barabara mbio.

"Mama, njoo nikuegemeze. Kuna kiti."

"Sikai konani!"

"Si konani. Katikati."

Mama alimtazama kwa jicho lililojaa uchungu wa nyonga. "Katikati hukaa bibi harusi, we mtoto. Tangu lini ajuza akakaa katikati?"

"Basi leo tumekuoza."

Matryona ndiye aliyeanza kucheka, na alicheka kwa tusi lake, na wengine wakafuata. "Bibi harusi ana miaka sabini na tisa!" alipiga kelele. "Bwana harusi yuko wapi jamani, kafia njiani?" Hata mama alicheka, machozi yakimtoka. Kapitolina alimkumbatia kiunoni akamteremsha hadi kwenye kiti. Huko nyuma Fekla alibaki na mkono mmoja umenyooshwa, unasubiri.

"Haya," mama alisema akishakaa. "Wanasubiri. Unangoja uitwe kwa spika?"

Kapitolina alivua koti lake la kazi, akaliweka mgongoni mwa kiti. Akarudi barabarani, akaushika mkono wa Fekla. Kiganja kilikuwa kikavu na kigumu. Akaanza wimbo pale ulipokatikia.

* * *

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alijua kila jicho la kijiji liko kwake, akanyoosha shingo, akainua kidevu, na papo hapo sauti ikamfikia kutoka kitini, ikivuka uwanda mzima:

"Kapa! Unamtafuta nani?"

Watu wakacheka, kama walivyocheka miaka ishirini na saba iliyopita. Kapitolina akashusha kidevu. Akatazama mgongo wa mtu wa mwisho kwenye mstari, ambaye angepaswa kumfikia ili afunge duara, na akaacha kufikiria kitu kingine. Miguu ikatulia.

Wasichana walipoona duara linakaribia kufungwa wakatoka nyuma ya jukwaa na magauni yao ya buluu, mataji yamekaa upande. Hawakuitwa. Ustinya alikuja wa kwanza akajipenyeza, na wengine wakajipenyeza popote palipokuwa na mkono. Ndipo balaa likatokea. Wimbo uliposema kuzunguka, wazee wakaenda na jua, na wasichana, kwa wiki tatu za mafunzo, wakaenda kinyume. Duara likajikunja likawa fundo. Mama Zosima alimkanyaga mtu, taji likaruka, Ustinya akaanguka magoti nyasini akiwa bado ameshika mikono miwili.

"Ala!" Fimbo iligonga mguu wa kiti. "Jua liko wapi? Angalieni juu! Nani kawafundisha wanangu kutembea kama kaa?"

Hapo Kapitolina angeweza kunyamaza, maana kila mtu alijua na hakuna ambaye angemtaja.

"Mimi," alisema kwa sauti. "Nimewafundisha mimi, na nilikosea. Ustya, simama. Mguu wa kulia nyuma ya wa kushoto, mtazame shangazi Matryona, fanya anavyofanya. Tunaanza upya, ubeti wa kwanza."

"Ubeti wa kwanza?" Fekla alimnong'oneza. "Ziko arobaini, mwanangu."

"Nazijua."

Wakaanza upya, na safari hii duara likaenda. Liliyumba, likasimama, likaenda tena, na kufika ubeti wa kumi lilikuwa linakwenda lenyewe, buluu ya plastiki katikati ya hariri za zamani, mama katikati akiimba mstari wa kwanza wa kila ubeti na wote wakiujibu. Nyuso zote zilikuwa ndani. Nje ilibaki migongo tu.

Migongo hiyo ndiyo waliyoikuta wajumbe walipotoka shuleni.

"Haya ni mazoezi?" Nonna Eduardovna aliuliza.

"Mazoezi, mazoezi," Vadim Arkadyevich alisema, akakimbia. Alizunguka duara kwa nje akitafuta mlango, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Alimfikia Kapitolina, akawa anatembea pembeni yake kinyumenyume. "Umechanganyikiwa? Saa tisa na dakika tano! Wapandishe jukwaani!"

"Wimbo haujaisha."

"Umebaki kiasi gani?"

"Beti ishirini na nane."

"Toba! Kapitolina, toka wewe basi. Wewe peke yako. Uje uwaeleze, utie saini kwamba kikundi kipo. Dakika mbili! Toka tu hapo!"

Alikuwa anamwomba kwa kweli, tukubali. Alikuwa na jasho, na nusu ya kazi yake mwenyewe ilitegemea orodha ile. Kapitolina alimwonea huruma. Mkono wake wa kulia ulikuwa na Fekla, wa kushoto ulikuwa na Ustinya, ambaye goti lake lilikuwa linatoka damu na alikuwa anaimba maneno ya kozi kwa makosa matatu kila ubeti.

"Siwezi kutoka," alisema. "Mikono yangu ina watu."

"Wataandika hakuna kikundi! Unasikia? Hakuna!"

"Waandike."

Akaendelea kutembea, na Vadim Arkadyevich akabaki nyuma kwa sababu duara lilikuwa limempita. Ubeti wa thelathini kivuko kilipiga honi ya kwanza. Ubeti wa thelathini na nne kilipiga ya pili. Yule kijana wa kupiga picha alikuwa ameinua simu yake juu ya vichwa, akajaribu huku, akajaribu kule, na kila upande alikuta mgongo. Nonna Eduardovna alimwita mara mbili ndipo akaja. Duara halikuwaona walipoondoka. Ubeti wa arobaini ulipoisha, mama alinyamaza, na wote wakaachiana mikono kwa mara moja, na Kapitolina hakuweza kukunjua vidole vyake hadi Fekla alipomsaidia.

* * *

Barua ilifika mwezi wa nane. Kapitolina aliisoma jikoni kwa sauti, amesimama. "Kikundi hakikupanda jukwaani. Wajumbe walionyeshwa migongo. Klabu itafungwa tarehe mosi Septemba."

"Walionyeshwa migongo," mama alirudia, akaanza kutetemeka kwa kicheko, kisha akaacha. Alimwona binti yake uso. "Kapa. Njoo ukae."

Kapitolina akakaa akalia. Alililia klabu, hakujificha, kwa sababu ilikuwa miaka ishirini na miwili ya maisha yake na alikuwa amepasua kuni za moto wake kwa mkono wake. Mama hakumwambia nyamaza. Alimmiminia chai, akamsogezea sukari, akakaa naye hadi kilio kikaisha.

Tarehe mosi alimkabidhi ufunguo mtu wa wilayani, aliyeutia kwenye bahasha bila kumtazama. Vitabu vya maktaba vilipelekwa wilayani kwa boti. Kapitolina alipata kazi ya nusu siku ya kupika shuleni, mshahara nusu ya ule wa zamani, na muuza duka, kwa kuwa ni yeye, alimuuliza mbele ya foleni kama sasa atawafundisha viazi kucheza. "Vikinisikia kuliko wewe, kwa nini nisivifundishe?" Kapitolina akajibu, na safari hii foleni ilicheka upande wake.

Alhamisi ya kwanza ya Septemba, saa kumi na moja, mtu aligonga mlango. Walikuwa wasichana wanane na mabuti ya matope. Ustinya alikuwa nyuma yao, amejifanya hahusiki.

"Klabu imefungwa," Kapitolina alisema.

"Tumeona," alisema mmoja wao. "Sasa tunafanyia wapi?"

Kapitolina aligeuka akalitazama jiko lao kubwa la matofali, meza, benchi, ndoo za maji. Jikoni mle wasingeenea watu wanne. Mama alikuwa amekwisha kushika ukingo wa meza.

"Mtasimama hivyo mpaka baridi iingie ndani yote?" alisema. "Bebeni hii meza mwipeleke ukumbini. Ndoo chini ya benchi. Kiti changu katikati."

Wakabeba. Walijibana kati ya jiko na dirisha, viwiko vikigusana, na mama akawa katikati, magoti yake yakiguswa na kila sketi iliyopita. Kapitolina alitafuta kipande cha ubao akakitia chini ya ule mguu mfupi wa kiti. Mama alijitikisa kupima, akaona kiko imara.

"Na wewe, Kapa," alisema akifunga shela yake vizuri, "mwakani usianzie kwetu. Anzia lango la Fekla. Hapa kwetu pana mteremko, miguu yako inakimbia."

Kapitolina, aliyekuwa amechutama karibu na kiti, alisikia neno moja tu kati ya yote yale: mwakani.

"Sawa, mama. Mwakani nitaanzia kwa Fekla."

Akasimama, akampa mkono Ustinya, akatazama dirishani jua liko upande gani, akaanza.